Ribe, Kituo cha Njiani Kilichogeuka Kanisa Mama

Kanisa la Methodisti la Kenya halikuzaliwa Mombasa wala Nairobi. Lilizaliwa mwaka 1862 Ribe, kijiji cha Wamijikenda kilicho vilimani nyuma ya Mombasa, jirani na Rabai. Tena Ribe sipo mahali palipokusudiwa.

Aliyebuni safari iliyowafikisha wamisionari Ribe ni Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe Rosine mwaka huohuo. Krapf aliamini kwamba Waoromo wakiongoka, injili itaenea Afrika nzima. Kitabu chake cha safari kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1860, kilimgusa Charles Cheetham, Mmethodisti wa mji wa Heywood, Uingereza. Dhehebu lake, United Methodist Free Churches, lilikuwa changa, limeundwa mwaka 1857 na Wamethodisti waliochoka kuamuliwa mambo yao na wakubwa. Likamwomba Krapf awaongoze vijana wanne hadi kwa Waoromo. Ribe ingekuwa mahali pa kujiandaa tu.

Mpango ukapukutika mapema. Kati ya wale wanne, Waswisi wawili waliacha kazi, James Woolner akaugua akarudi kwao, na kabla mwaka haujaisha afya ikamwondoa Krapf mwenyewe. Akabaki Thomas Wakefield peke yake, hadi Charles New alipomfuata mwaka 1863.

Wakefield hakuwa mtu wa kukaa akingoja waumini. Aliwahoji wasafiri wa misafara, hasa Sadi, mwenyeji wa upande wa Gazi, akaandika njia zao za bara. Jarida la Royal Geographical Society likazichapisha mwaka 1870. Mwaka uliofuata New akaigusa theluji ya Kilimanjaro. Kwa sifa walizopata Ulaya, mtu angedhani walitumwa kuchora ramani! Kanisani mavuno yalikuwa haba: Waribe walikuwa na kaya yao, yaani boma takatifu la mababu, na wazee wao, wala hawakuona sababu ya kuwaacha. Kilichozidi ni misiba. Rebecca, mke wa Wakefield, alifia Ribe mwaka 1873, na New akafa mwaka 1875 akirejea kutoka Uchagani.

Waliolipa kanisa watu ni watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba ya pwani. Kwao misheni ilikuwa kwanza kimbilio, pahala pa kujenga kibanda na kulima bila kuwindwa. Sala zilifuata baadaye. Mabwana zao waliwadai kwa ghadhabu, na wamisionari wakabanwa kati ya sheria ya Sultani wa Zanzibar na dhamiri zao. Mwanzoni mwa 1889 kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani iliwalipa mabwana fidia, na watoro zaidi ya elfu moja wa Rabai, Ribe na vituo vya jirani wakawa huru kisheria.

Na Waoromo? Walifikiwa hatimaye, Golbanti, kwenye Mto Tana. Huko, mwaka 1886, John Houghton na mkewe Annie waliuawa katika shambulio la Wamaasai. Kituo hicho hakikuwa kamwe mlango wa Afrika alioutarajia Krapf.

Mwaka 1912 kazi ilianza Meru, ambako leo ndiko kwenye Wamethodisti wengi zaidi nchini, na mwaka 1967 kanisa likajitegemea. Kila maadhimisho humtaja Wakefield, na anastahili. Lakini watoro ndio waliobaki Ribe wageni walipoondoka. Wanaoandika historia ya kanisa hili wangefanya vyema kuyakusanya masimulizi ya koo zao kabla wazee hawajaisha.