Ndoo Zile za Mwaka 2020
Machi 16, 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kesho yake Waziri Mkuu akatangaza kufungwa kwa shule. Kwetu Mlali ndoo za maji na sabuni ziliwekwa milangoni, watu wakapiga nyungu, kupeana mikono kukakoma. Sisi wa mjini wazee walituomba tusije. Misiba mingine tulituma rambirambi kwa simu bila kufika kuzika. Mpaka leo inatuuma. Shule zilipofunguliwa Juni 29, watoto walirudi na madumu ya maji kichwani, maana ndoo zilikuwepo, maji hayakuwepo. Ndugu zetu, korona imepoa, shida ya maji bado. Mchango wetu wa mwaka huu ukajaze ndoo zile.