Bima ndogo hainyooshi bodi: historia fupi ya gari lililogongwa Simiyu

Leo naweka siasa pembeni. Tangu nianze kuzunguka Mkoa wa Simiyu kikazi, kuna swali nalikuta karibu kila gereji, kuanzia Lamadi hadi Maswa: "Gari lina bima, mbona natengeneza kwa hela yangu?" Mwenye gari anauliza kwa hasira, fundi anacheka, halafu nyundo inaendelea kugonga.

Wengi wanajijibu kwamba watu wa bima ni wezi, basi, mjadala umefungwa. Mimi nadhani jibu lenyewe lipo kwenye historia, na ukilijua linaweza kukuokolea pesa siku likikufika. Twende taratibu.

Magari yalipoanza kuenea Ulaya na Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, watunga sheria hawakusumbuliwa na boneti zilizokunjika. Walisumbuliwa na watu. Mtembea kwa miguu anagongwa, anavunjika mguu, anashinda kesi mahakamani, halafu aliyemgonga hana kitu cha kulipa. Ushindi wa makaratasi. Jimbo la Massachusetts kule Marekani likaanza kulazimisha bima mwaka 1927, na Uingereza ikafuata kwa sheria yake ya barabara ya mwaka 1930. Sheria ile ilimtaka dereva awe na bima ya kulipia kifo au majeraha ya mtu mwingine. Gari la dereva mwenyewe halikuhusika kabisa. Hata mali ya yule aliyegongwa haikuingizwa kwenye ulazima hadi mwishoni mwa miaka ya 1980!

Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Waingereza, kwa hiyo tukarithi mtindo huo huo. Sheria yetu ya Bima ya Magari, ile wanasheria wanayoiita Sura ya 169, ina mizizi yake huko. Ndiyo maana ya lile neno "mtu wa tatu". Mtu wa kwanza ni wewe mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, wa tatu ni yule uliyemgonga. Sheria inamlinda wa tatu. Mtaani tumeipa jina lake, bima ndogo, na bima inayotengeneza hadi gari lako tunaiita bima kubwa.

Kwa hiyo trafiki anaposimamisha gari na kuhakiki bima, anaangalia kama umemlinda jirani yako. Kama umejilinda wewe, hilo ni lako na mfuko wako.

Na mfuko ndio penyewe. Kwa viwango vilivyozoeleka miaka ya karibuni, bima ndogo ya gari dogo la kutembelea ni Sh 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Bima kubwa hupigwa asilimia kama 3.5 ya thamani ya gari. Chukua Toyota IST ya milioni 12: unapata Sh 420,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inafika Sh 495,600. Zaidi ya mara nne. Mwalimu, nesi au muuza duka wa Bariadi anachagua ipi? Unajua mwenyewe.

Sasa turudi Usukumani, maana huku historia ya kutengeneza gari bila pesa ilianza kabla IST haijafikiriwa.

Katika miaka ya 1950 eneo hili lilikuwa chini ya Wilaya ya Maswa, katika Jimbo la Ziwa, na gari lililojulikana vijijini lilikuwa lori la pamba. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana na kuunda shirikisho lililojulikana kwa kifupi kama VFCU, likiongozwa na Paul Bomani. Baada ya muda likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika, likanunua vinu vya kuchambulia pamba. Pamba haitembei yenyewe kutoka kijijini hadi kinuni, inahitaji malori, na malori yanahitaji mafundi.

Likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Wengi tunakumbuka kutaifishwa kwa benki, tunasahau kwamba bima nayo ilitaifishwa. Shirika la Bima la Taifa, NIC, lilibaki peke yake sokoni. Kwa karibu miaka thelathini mwenye gari hakuwa na pengine pa kwenda. Mlango kwa kampuni binafsi ulifunguliwa na sheria ya mwaka 1996, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, tunayoijua leo imetokana na sheria ya mwaka 2009.

Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 tatizo kubwa halikuwa bima. Hata ungelipwa, spea ungeitoa wapi? Hesabu mambo yalivyofuatana. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika. Mwishoni mwa 1978 vita na Idi Amin vikaanza. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapaa. Fedha za kigeni zikakauka. Malori ya pamba yakakaa juu ya mawe kwa kukosa tairi na vipuri, na pamba ikasubiri vijijini msimu hadi msimu.

Kwa watu wa Bariadi kufungwa kwa ule mpaka kuliuma kipekee. Ukitoka hapa unashuka Lamadi, unashika barabara ya Musoma, unafika Sirari. Ni karibu kuliko Dar es Salaam mara nyingi. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Kabla ya hapo kilichopita kwa njia za panya kilikuwa magendo, na mwaka huo huo wa 1983 serikali ilikuwa inawasaka wahujumu uchumi. Kukutwa na shehena ya spea bila maelezo lilikuwa jambo la kukupeleka ndani.

Hapo ndipo alipozaliwa fundi bodi tunayemjua leo. Hakuwa na taa mpya wala madigadi mapya, alikuwa na nyundo, moto wa kuchomelea na bati la pipa. Alijifunza kunyoosha kile ambacho nchi zenye pesa zinatupa. Wazee wa gereji wanasimulia magari yenye taa ya kampuni moja, boneti ya kampuni nyingine na bampa la mbao. Usicheke. Gari lile ndilo lililopeleka wagonjwa hospitali.

Ahueni ilianza na bajeti ya 1984/85, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya. Mtu mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuingiza bidhaa bila kuulizwa sana kazipata wapi. Pikapu na mitumba vikaanza kumiminika. Baadaye yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani, nchi ambayo ukaguzi wa lazima wa magari ni wa gharama kiasi kwamba wengi wanaona heri kuuza la zamani. Pamoja na magari zikaja spea zilizotumika: milango, taa, rejeta, hata mbele nzima ya gari iliyokatwa kwa msumeno na kupakiwa kwenye kontena. Leo Gerezani, Dar es Salaam, unaipata mbele ya gari imening'inia kama nyama buchani.

Mwaka 2012 Simiyu ikawa mkoa, ikimegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, makao makuu Bariadi. Lami ikaja, magari yakaongezeka, mwendo ukaongezeka. Mkokoteni wa ng'ombe ukabaki barabarani vilevile, bila taa.

Sasa nikusimulie la jirani yangu, mwalimu wa sekondari, ambaye mwaka jana alikutana na mkokoteni huo magharibi, jua limeshazama. Alikuwa na IST aliyoinunua kwa mkopo wa SACCOS, akiwa bado anakatwa kwenye mshahara. Bima yake ndogo. Mkokoteni ukajitokeza ghafla, akakanyaga breki, akaugonga ubavuni. Hakuna mtu aliyeumia, namshukuru Mungu. Ng'ombe mmoja alichubuka mguu. IST ilikunja boneti na madigadi ya kushoto, taa ikapasuka, bampa likavunjika, rejeta ikatoboka.

Mwenye mkokoteni alikuwa mzee wa makamo ya babu yangu. Jirani yangu alimsalimia kwanza kwa heshima, "Mwangaluka, baba", ingawa ilikuwa magharibi na salamu hiyo ni ya asubuhi, alivyochanganyikiwa. Mzee akamjibu, "Mwalimu, mshukuru Mungu tuko wazima. Mimi sina gari, sina bima. Nina ng'ombe tu." Polisi waliitwa, wakapima, wakaandika. Na hapo ile sheria yenye mizizi ya mwaka 1930 ikajionyesha: bima ya mwalimu ingeweza kuangalia madai ya mzee, mtu wa tatu. Ya IST hayamhusu mtu.

Gereji ya kwanza ilimwambia Sh 1,450,000, vipuri vyote vipya. Hakuwa nazo. Akafanya kile ambacho mafundi wa miaka ya 1980 wangemshauri, akagawa kazi. Kwanza vitu ambavyo gari halitembei bila hivyo: rejeta iliyotumika Sh 130,000 na taa iliyotumika Sh 120,000. Mwezi uliofuata, bampa lililotumika Sh 120,000 na kunyoosha boneti na madigadi Sh 120,000. Rangi ikaja mwisho, Sh 130,000. Jumla Sh 620,000, kwa muda wa miezi mitatu. Kwa miezi miwili aliendesha gari lililopakwa puti, wanafunzi wakalipa jina ambalo siliandiki hapa.

Nilichojifunza kwa kukaa naye gereji ni hiki. Usimalizane kienyeji kabla polisi hawajaandika. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka ajali iripotiwe, na bila ripoti hata bima uliyonayo haitakusikiliza. Piga picha kabla gari halijasogezwa. Kabla hujaongelea rangi, mwambie fundi akague chesesi na magurudumu ya mbele, maana rangi nzuri juu ya chesesi iliyopinda ni kaburi lililopakwa chokaa. Spea iliyotumika ishike mkononi kabla hujalipa, na bei ya kunyoosha ipatane kwa kazi nzima, si kwa siku. Na kama ni wewe uliyegongwa, hakiki bima ya aliyekugonga kwa namba ya gari lake, stika siku hizi ni za kielektroniki. Bima ndogo ya mwenzako inaweza kuwa ndiyo itakayokulipa, kwa sababu safari hii mtu wa tatu ni wewe.

Kuna jambo la mwisho. Wasukuma wana kitu kinaitwa elika, kikundi cha majirani wanaolima mashamba yao kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Ukiitazama vizuri, hiyo ni bima iliyokuwepo kabla neno bima halijafika. Jirani yangu na walimu wenzake watano wenye magari wameanza kuchanga Sh 20,000 kila mmoja kwa mwezi. Watu sita, mwaka mmoja, ni Sh 1,440,000. Haitoshi kama magari mawili yatapondeka mwezi mmoja, na haiondoi ulazima wa bima ndogo. Lakini IST ya kwanza itakayogongwa itaingia gereji bila mtu kukopa tena SACCOS.

Mimi nimewashauri waandike kanuni zao kwenye karatasi, nani analipwa, kwa ajali ipi, na kiasi gani, kabla ajali haijatokea. Wamesema watakaa Jumamosi. Nitawapa taarifa.

Endesheni kwa usalama, hasa magharibi.