Nusukaputi kwa mtoto anayepasuliwa kifua kupitia matundu madogo

Mzazi akielezwa kuwa mwanawe atapasuliwa kifua kupitia matundu mawili au matatu tu, hushusha pumzi. Mbavu hazitapanuliwa na kovu litakuwa dogo. Hata hivyo, udogo wa matundu hauipunguzii uzito kazi ya daktari wa nusukaputi. Aghalabu huiongezea.

Upasuaji huu wa kamera ulianza kutumiwa kwa watoto nchini Marekani katika miaka ya 1970, Dkt Bradley Rodgers akiwa miongoni mwa waasisi. Siku hizi hutumika kuondoa usaha uliokwama kifuani baada ya nimonia, kukata sehemu mbovu ya pafu, na hata kuunga umio wa mtoto aliyezaliwa ukiwa umekatika.

Ili kamera ipate nafasi, sharti pafu la upande unaopasuliwa linywee. Mtu mzima hutiwa mpira wa kupumulia wenye njia mbili, moja kwa kila pafu. Hakuna mpira wa aina hiyo unaomtosha mtoto mchanga. Mdogo kabisa huwafaa watoto wa takriban miaka 8 kwenda juu. Kwa aliye mdogo zaidi, daktari huziba njia ya pafu moja kwa kibofu kidogo kinachojazwa hewa, au huusukuma mpira wa kawaida hadi uingie upande wa pafu zima. Mtoto akigeuzwa kitandani mpira waweza kusogea, hivyo hukaguliwa upya.

Shida kubwa ni oksijeni. Mtoto mchanga hutumia mililita 6 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa dakika, takriban maradufu ya mtu mzima, ilhali akiba yake ni haba. Tena mbavu zake ni laini, na akilazwa ubavu pafu la chini, ambalo ndilo tegemeo, hubanwa. Gesi ya kaboni dioksaidi inayopulizwa kifuani nayo huingia katika damu na yaweza kuubana moyo. Shinikizo la damu likishuka, gesi hutolewa mara moja. Hali isipotengemaa, daktari mpasuaji hufungua kifua kwa njia ya zamani, wala hiyo si aibu.

Mzazi asifiche mafua au kikohozi cha majuma ya karibuni, kwani njia ya hewa iliyowasha hujibana kwa urahisi. Upasuaji unaoweza kungoja huahirishwa. Wa usaha kifuani hauna subira hiyo.