Asili ya Jin na Maji ya Kwinini

Husimuliwa aghalabu kwamba askari wa Kiingereza waliokuwa Bara Hindi, walipoamrishwa kunywa kwinini wajikinge na malaria na wasiweze kuustahimili uchungu wake ulio kama shubiri, ndio waliouzimua kwa jin, sukari na ndimu, kikazaliwa kinywaji kinachojulikana leo kila penye baa.

Hadithi hiyo yapendeza, lakini tarehe zaelekea kwingine. Maji ya kwinini yenye gesi yalisajiliwa London na Erasmus Bond mwaka 1858, na habari mashuhuri ya kale ya kunywewa pamoja na jin, iliyochapishwa Bara Hindi mwaka 1868, ni ya watu waliokuwa wakiburudika baada ya mashindano ya farasi, wala si ya wagonjwa.

Insafu yanitaka basi niiache jin, niuzungumzie mti. Kwani pasipo gome la sinkona, limealo katika miteremko ya milima ya Andes, pasingekuwapo uchungu wa kuzimuliwa. Pelletier na Caventou waliitenga kwinini katika gome hilo mjini Paris mwaka 1820, na tangu hapo dola zilizotamani kutawala nchi za joto zikaziwania mbegu zake. Zilizo bora kuliko zote zilikusanywa na Manuel Incra Mamani, Mwaymara wa Bolivia, ambaye kwa kuwa jalidi iliunguza maua msimu baada ya msimu, alisubiri miaka kadhaa ndipo akampelekea tajiri yake, Charles Ledger, mwaka 1865. Waingereza walizikataa, Waholanzi wakanunua kidogo, wakaziotesha Java, na kisiwa hicho kikaja kuipatia dunia sehemu kubwa kabisa ya kwinini yake. Mamani aliporudi kutafuta nyingine alitiwa gerezani na kupigwa, akafa kwa madhila hayo. Ni dhuluma kubwa kuigawa fahari ya kinywaji hiki kwa maafisa na wenye viwanda, jina lake lisitajwe.

Mti huo ulifika hata kwetu. Wajerumani waliupanda Amani, katika milima ya Usambara, walikoanzisha taasisi yao ya kilimo mwaka 1902, na Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia ya bahari wakatengeneza kwinini papo hapo. Kisha, walipokwisha kuupoteza mlima, majeshi ya Lettow-Vorbeck yalichemsha magome porini na kuyanywa maji yake, machungu kupita kiasi, ambayo Wajerumani wenyewe waliyaita Lettow-Schnaps, kwa jina la jemadari wao na la pombe kali ya kwao.