Kebo yenye deraya katika ukuta wa chuma: Ardhi kavu ya Garissa yahitaji uangalifu zaidi

UMEME unapopitishwa ndani ya kuta za miimo ya chuma zilizofunikwa kwa mbao za jipsamu, kama zile zinazotumiwa kugawanya ofisi na maduka, kebo yenye deraya huwa chaguo la busara. Nyaya zake za shaba huvishwa plastiki, kisha huzungushiwa nyuzi za chuma zinazozikinga dhidi ya skrubu ya mtu atakayetundika rafu miaka mingi baadaye.

Hata hivyo, deraya isiyounganishwa na ardhi ni hatari. Skrubu ikipenya hadi kwenye shaba, deraya yenyewe hubeba umeme, na miimo inayoigusa pia. Ukuta mzima waweza kumrusha mtu.

Miimo husimamishwa aghalabu kwa umbali wa sentimita 40 au 60. Tundu la kebo hutobolewa katikati ya upana wa mwimo, kwani kukata ukingo wake huudhoofisha. Makali ya tundu yasuguliwe kwa tupa, kisha livishwe pete ya mpira ili ala ya nje ya kebo isichanike. Kebo isikunjwe ghafla. Nusukipenyo cha kona kisipungue mara nane ya unene wake.

Kazi nyeti zaidi ni kwenye ncha. Nyuzi za deraya hukatwa kwa msumeno wa chuma, zikatandazwa juu ya koni ya glandi ya shaba nyeupe na kubanwa barabara kwenye sanduku. Kutoka hapo, waya wa ardhi huunganishwa. Fundi anayezikata nyuzi hizo na kuziacha zikining'inia amenunua kebo ya bei ghali bure.

Katika maeneo ya Garissa, Wajir na Mandera, tatizo huongezeka kwa sababu mchanga mkavu haupitishi umeme vyema. Chukua nyumba inayotegemea nondo yake ya ardhini, yenye ukinzani wa omu 50. Hitilafu ikitokea, volti 240 zitasukuma takriban ampia 4.8 pekee. Swichi ya ampia 20 haitakatika, nao ukuta utabaki na umeme hadi mtu auguse. Kwa hivyo, nondo yafaa kuchimbiwa chini zaidi penye unyevu, au ziongezwe kadhaa. Isitoshe, pafungwe kifaa kinachokata umeme mvujo unapofika miliampia 30; hicho kitakatika hata ardhi ikiwa kavu kiasi hicho.

Joto nalo lisipuuzwe. Majedwali ya kebo hukadiriwa kwa nyuzi 30 za Selsiasi, hali mchana wa Garissa mara nyingi huzipita. Katika nyuzi 40, kebo ya plastiki ya kawaida inayobeba ampia 20 hubaki na takriban 17. Ikizungukwa na sufi ya kuzuia joto ndani ya ukuta, hupungua hata zaidi.

Kisheria, kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Kabla ya mbao za jipsamu kufungwa, mwenye nyumba amtake apime kebo kwa volti 500. Ukinzani kati ya nyaya, na kati ya nyaya na deraya, usipungue megaomu 1.