Picha za Roketi na Vyombo vya Anga: Fungu la Afrika ya Mashariki

Katika Hanga, nchi ya Songea mkoani Ruvuma, hakijarushwa chombo cha anga hata kimoja. Mahali hapa pajulikana zaidi kwa abasia ya watawa wa Kibenediktini, na mwenyeji akiulizwa habari za roketi aweza kujibu kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani na Warusi. Hata hivyo, mwezi wa Agosti 1960 anga ya Hanga ilikuwa njia. Mwezi huo Wamarekani walirusha Echo 1, puto kubwa lenye upana wa mita 30 hivi, ambalo lilirudisha nuru ya jua na kuonekana kama nyota itembeayo. Njia yake ilipita juu ya nchi zilizo kati ya nyuzi 47 kaskazini na nyuzi 47 kusini ya ikweta. Na Hanga, iliyo karibu na nyuzi 10 kusini, ilikuwa ndani ya eneo hilo. Aliyekuwa na kamera na subira angeweza kuipiga picha nyota hiyo bila kutoka uani kwake.

Sanaa ya kupiga picha roketi na vyombo vya anga ina historia yake, na Afrika ya Mashariki ina fungu katika historia hiyo. Fungu lenyewe ni kubwa kuliko linavyodhaniwa. Halijulikani sana kwa sababu picha nyingi zilipigwa na wageni, kwa haja za wageni, zikahifadhiwa kwao. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mambo ya roketi, ambayo huonekana kwa dakika chache kisha hayaonekani tena, picha ndiyo daftari.

Tangu mwanzo picha hizi hazikupigwa kwa ajili ya kupamba kuta. Tarehe 24 Oktoba 1946, huko White Sands katika jimbo la New Mexico, Wamarekani walirusha roketi ya V-2 waliyoiteka kwa Wajerumani, wakatia ndani yake kamera ya sinema. Kamera ilipiga picha moja kila baada ya sekunde moja na nusu, na roketi ikafika kimo cha kilomita 105 hivi. Ilipoanguka ilivunjikavunjika, lakini filamu ilikuwa ndani ya kasha la chuma, ikasalimika. Ndipo wanadamu walipoiona dunia kwa mara ya kwanza kutoka kimo hicho. Baadaye, tarehe 24 Julai 1950, roketi ya Bumper 8 ilirushwa kutoka Cape Canaveral, Florida, nayo ikawa ya kwanza kuruka kutoka mahali hapo. Picha yake mashuhuri yaonyesha wapiga picha wamesimama na kamera zao karibu mno na moto.

Ukaribu wa namna hiyo haukudumu. Roketi zilipokuwa kubwa zaidi, mtu aliondolewa na kamera ikabaki peke yake. Apollo 11 iliporuka tarehe 16 Julai 1969, kamera zilizofungiwa karibu na moto zilipiga picha 500 kwa kila sekunde moja, ili wahandisi waweze baadaye kutazama polepole jambo ambalo jicho haliwahi kulifuata. Kamera nyingine za namna hii huamshwa kwa umeme kutoka mbali, na nyingine huamshwa na sauti ya roketi yenyewe. Lakini sauti husafiri mita 340 hivi tu kwa sekunde. Mtu aliye umbali wa kilomita 10 huuona moto kwanza, akangoja karibu nusu dakika ndipo ausikie mshindo. Kwa hiyo kamera itegemeayo sauti haina budi kuwekwa karibu. Nuru nayo ina taabu yake. Moto wa roketi ni mkali mno, hata akiufuata mpiga picha, mnara na mawingu hugeuka giza. Na akiifuata nuru ya mawingu, moto huwa doa jeupe lisilo na umbo. Usiku hutumika hila nyingine: kilango cha kamera huachwa wazi kwa dakika kadhaa, na roketi hujichora yenyewe kama upinde wa nuru kutoka ardhini hata mawinguni.

Mambo haya yalifika katika Afrika ya Mashariki kwanza kwa njia ya Unguja. Wamarekani walijenga huko Tunguu kituo cha kufuatia safari za Mercury, yaani safari zao za kwanza za kumpeleka mtu angani. Kituo hakikurusha roketi; kazi yake ilikuwa kusikia. Kilipokea habari za chombo kwa redio, na kuzungumza na rubani wakati apitapo juu ya Bahari ya Hindi. Walikuwapo Wazanzibari waliokipinga tangu mwaka 1960, wakihofu kwamba kisiwa chao kingeingizwa katika ugomvi wa mataifa makubwa. Hofu hiyo haikuwa ya ajabu, maana nyumba isiyoonekana ndani hujazwa na dhana. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, sauti yake ilisikika Unguja. Mkononi alikuwa na kamera ndogo iliyonunuliwa katika duka la kawaida huko Florida, ikabadilishwa ili ishikwe na mkono wenye glavu nene. Akarudi na picha za rangi za dunia. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wamarekani wa kituo waliondolewa kwa meli ya kivita, na mwaka huo huo kituo kikafungwa.

Fungu kubwa zaidi ni la Ngomeni, kaskazini ya Malindi katika pwani ya Kenya. Hapo Waitalia, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, walisimamisha majukwaa ya chuma baharini. Jukwaa la San Marco lilikuwa la kurushia, na la Santa Rita lilikuwa la waongozaji. Sababu ya kuchagua mahali hapa ilikuwa ikweta, iliyo nyuzi 3 tu kutoka hapo. Kwenye ikweta dunia huzunguka kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi ielekeayo mashariki huazima mwendo huo bila gharama. Tena, mbele yake ilikuwa bahari tupu, ambamo vipande vya roketi viliweza kuanguka bila kumdhuru mtu. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo. Hata kufikia mwaka 1988, setilaiti 9 zilikuwa zimepelekwa angani kutoka Ngomeni.

Roketi iliyotumika ilikuwa Scout ya Marekani, yenye urefu wa mita 23 hivi na hatua nne zinazowaka kwa zamu. Tabia yake ilimpa taabu mpiga picha. Roketi kubwa ya Saturn V, yenye mita 110, ilipanda polepole kwanza, kama mzee ainukaye kitini. Scout ilitumia fueli kavu; ilichomoka mara moja, na aliyechelewa kidogo alibaki na picha ya moshi. Tena hewa ya pwani ina chumvi ilayo chuma, na unyevu uoteshao ukungu katika lenzi. Picha iliyosalimika katika hali hizo ilikuwa kazi ya watu wenye maarifa.

Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya miaka 7 ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka Ngomeni setilaiti ya kwanza katika historia iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Bibi Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huo kwa upande wa Marekani, aliipa jina la Uhuru, kwa kuwashukuru Wakenya kwa ukarimu wao. Kazi yake ilileta orodha ya vyanzo 339 vya miali hiyo, na Riccardo Giacconi, mkuu wa wataalamu wake, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hapa mwenyeji alipata jina lake katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote.

Lakini mojawapo ya picha za Uhuru zilizoenea kuliko nyingine haikupigwa Ngomeni. Yamwonyesha Bibi Townsend pamoja na mtaalamu Bruno Rossi kando ya chombo hicho, wakati wa majaribio huko Marekani. Na picha za Ngomeni zilizoenea huonyesha jukwaa, roketi, moto na bahari. Zilipigwa na watu wa kazi kwa haja ya kazi, nazo zilitimiza haja hiyo. Hata hivyo, mtafiti wa leo ana maswali yasiyojibiwa na moto. Nani aliwavusha wageni na mizigo yao? Wavuvi waliyaonaje majukwaa yaliyosimama mahali pao pa kutegea nyavu? Siku ya kurusha, watu wa kijiji walisimama wapi, na walisema nini? Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1967 sasa amekaribia miaka 80. Maswali haya hayatangoja sana.

Kwamba picha isiyopigwa yaweza kuwa hasara kubwa, hilo lilionekana Marekani kwa uchungu. Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha Columbia kiliporuka, kipande cha povu gumu kilibanduka katika tangi na kupiga bawa la kushoto. Filamu zilizotazamwa kesho yake zilionyesha pigo hilo. Lakini kamera moja iliyokuwa mahali pazuri haikuwa imerekebishwa vema, na picha yake ilitoka na ukungu. Wahandisi waliomba chombo kipigwe picha nyingine kikiwa angani, ombi lao halikufika mwisho. Tarehe 1 Februari Columbia ilivunjika ikirudi duniani, na watu 7 wakafa. Mwaka 2005 Discovery iliporuka, ilipinduliwa mbele ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, ili waliokuwa kituoni wapige picha tumbo lake lote kwa lenzi ndefu kabla ya kutia nanga.

Afrika ya Mashariki nayo imepigwa picha kutoka huko juu. Tarehe 7 Desemba 1972 waanga wa Apollo 17, wakiwa umbali wa kilomita 29,000 hivi, waliipiga dunia picha iliyo mashuhuri kuliko zote. Ndani yake huonekana bara la Afrika, na Bukini katika bahari ya mashariki. Miaka mingi ikapita kabla watu wa nchi hizi hawajapata jicho lao wenyewe. Setilaiti ndogo ya wanachuo wa Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa tarehe 11 Mei 2018. Na Taifa-1 ya Kenya, yenye kamera ya kuitazama nchi, ilirushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023.

Basi mtu wa Hanga hana haja ya kungoja roketi ifike Ruvuma. Kituo cha Kimataifa hupita juu yake kikiwa kimo cha kilomita 400 hivi, kwa mwendo wa kilomita 27,600 kwa saa. Huonekana muda mfupi baada ya magharibi au kabla ya alfajiri, kwa kuwa wakati huo ardhi ina giza, bali huko juu jua lingali likiangaza. Kamera isimamishwe juu ya miguu mitatu, ielekezwe penye anga wazi, na kilango kiachwe wazi kwa nusu dakika au zaidi. Nyota zitabaki karibu mahali pao, na chombo kitachora mstari mmoja mnyofu. Katika fremu uingizwe mti, au paa la nyumba, au mnara wa kanisa, ili ijulikane picha ilipigwa wapi. Kisha nyuma yake iandikwe tarehe, saa, mahali na jina la mpigaji, nayo iwekwe shuleni au katika maktaba ya mahali hapo. Kama jambo hilo dogo lingalifanywa na watu wa Ngomeni mwaka 1967, mtafiti wa leo angalikuta mengi zaidi ya moto na bahari.