Nani Anastahiki Kusamehewa Kodi kwa Jina la Ajira?

Desturi ya kumsamehe tajiri kodi ili awape watu kazi ni kongwe karibu sawa na Marekani yenyewe. Mwaka 1791 jimbo la New Jersey liliipa hati kampuni iliyoasisiwa kwa msukumo wa Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha wa kwanza wa taifa hilo, ijenge viwanda kwenye maporomoko ya mto Passaic, mahali palipopewa jina la Paterson. Hati hiyo ilikuja na msamaha wa kodi. Kufikia 1796 shughuli za kampuni za kusokota pamba zilikuwa zimesimama.

Lakini mpango tunaoutambua leo ulizaliwa Mississippi mwaka 1936, katika dhiki ya mdororo mkuu wa uchumi. Bei ya pamba ilikuwa imeporomoka na vijana walikuwa wakihama. Gavana Hugh White alikuwa amekwisha kujaribu dawa yake akiwa meya wa mji mdogo wa Columbia, alikovuta kiwanda cha nguo. Alipoingia madarakani akaifanya sera ya jimbo zima: miji na kaunti ziuze hati fungani, zijenge majengo ya viwanda kwa fedha hizo, zimpangishie mwekezaji kwa bei ya chini, naye asamehewe kodi ya mali kwa miaka 5. Ili mji uruhusiwe kukopa, ulihitaji kibali cha tume ya viwanda ya jimbo, kisha wakazi wenyewe wapige kura. Sharti hilo la kura nalithamini sana, maana mlipa kodi aliulizwa kabla mkopo haujachukuliwa, na majimbo mengi yaliyoiga mpango huo baadaye yaliliacha. Karakana ya meli ya Ingalls kule Pascagoula, iliyoanzishwa 1938 kwa njia hiyo, bado inaajiri maelfu. Hata hivyo ajira nyingi za viwandani zilizoletwa na mpango huo walipewa Wazungu, katika jimbo ambalo Weusi walikuwa karibu nusu ya watu wote. Sheria ilieleza sifa za kiwanda, ikanyamaza kuhusu nani aajiriwe.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia majimbo ya Kusini yaliifuata Mississippi, kisha ya Kaskazini yakalazimika kujibu. Somo zito lilitoka Michigan. Serikali ya mtaa ya Ypsilanti iliipa kampuni ya magari ya General Motors nafuu za kodi mwaka 1984 na 1988 kwa ajili ya kiwanda cha Willow Run. Kampuni ilipotangaza kuhamishia uzalishaji Arlington, Texas, serikali hiyo ikaenda mahakamani. Hakimu wa kwanza aliipa ushindi. Mahakama ya Rufaa ikautengua Agosti 1993, ikisema kwamba kuomba nafuu ya kodi si kuahidi kubaki. Hukumu hiyo ilikuwa chungu, lakini ilifundisha kuwa ahadi isiyoandikwa haidaiwi. Ndipo vifungu vya kurudisha fedha vikaanza kuenea katika mikataba, na fomula za kustahiki zikakazwa.

Georgia ni mfano mzuri wa fomula hizo. Kaunti zake 159 hupangwa katika madaraja manne kulingana na umaskini. Katika kaunti zilizo hoi zaidi, ajira mpya mbili zinatosha, na kila moja humpa mwajiri nafuu ya dola 3,500 kwa mwaka, hadi miaka 5. Katika daraja la juu anatakiwa aongeze watu 25, na nafuu hushuka hadi dola 750. Kazi iwe ya saa 35 kwa wiki angalau, na mwajiri awe tayari kutoa bima ya afya. Ukiacha kaunti maskini kabisa, mwenye duka la rejareja kwa kawaida hahesabiwi, hata akiajiri kila mwaka. Viwanda, maghala na utafiti ndivyo vinavyopewa kipaumbele.

Palipo na fomula dhaifu, pengo huonekana upesi. Mji wa Kansas City umekatwa na mpaka wa majimbo mawili, na kwa miaka mingi Kansas na Missouri zilinyang'anyana kampuni zilezile. Kampuni ya sinema ya AMC ilihamisha makao yake kutoka upande wa Missouri hadi Leawood, Kansas, na kazi za watu walewale zikaingia kwenye hesabu kama ajira mpya. Majimbo hayo yaliwekeana mapatano mwaka 2019.

Wisconsin nayo, mwaka 2017, iliiahidi kampuni ya Foxconn ya Taiwan karibu dola bilioni 3 kwa ajira 13,000. Hapo masharti yaliokoa hazina: kufikia mwisho wa 2018 kampuni ilitakiwa iwe na wafanyakazi wanaostahiki 260 angalau, haikuwafikisha, na jimbo likakataa kulipa. Mwaka 2021 mkataba ukapunguzwa hadi ajira 1,454 na nafuu ya dola milioni 80. Walioumia ni wakazi wa Mount Pleasant, palipopangwa kiwanda, ambako nyumba zilinunuliwa na kubomolewa, na serikali za mitaa zikakopa mamia ya mamilioni ya dola kabla ya ajira kuonekana.

Mchumi Timothy Bartik, alipopitia tafiti za nyanja hii mwaka 2018, alikadiria kuwa nafuu hizi hubadilisha uamuzi wa kampuni kati ya asilimia 2 na 25 tu. Zilizobaki zingekuja hata bila kusamehewa chochote.

Jambo hili linatuhusu na sisi. Kenya ilitunga sheria ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje mwaka 1990, Tanzania ikafuata 2002, na zote mbili zilitoa miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni. Vigezo vilivyotangazwa Tanzania vilidai asilimia 80 ya bidhaa ziuzwe nje. Idadi ya watu wa kuajiriwa haikuwa kigezo kikuu. Wabunge wetu, mswada wa aina hii ukifika tena mezani, daini kwanza idadi ya ajira, mshahara wake na tarehe ya kukaguliwa, na msamaha utolewe baada ya ukaguzi huo.